WACHUNGUZI WANAPOKUJA KIWANDANI: WANATAFUTA NINI, NA SISI TUSEME NINI?

Ndugu wafanyakazi,

Siku hizi katika viwanda vya kukoboa kahawa vya Mbarara na katika mashamba ya Isingiro wanapita watu wenye madaftari na simu za kupimia ardhi. Wanauliza kahawa imetoka kwa nani, nani aliichuma, nani aliibeba, na alilipwa kiasi gani. Mara wanataka kuona daftari la mishahara, mara wanataka kuona choo. Wenzetu wengi wametuuliza: Je, hawa ni watu wa kodi? Ni watu wa serikali? Wamekuja kutufukuzisha kazi? Wengine, hasa ndugu zetu wanaotoka Nakivale kuja kufanya vibarua, wakiliona gari la wageni hupita nyuma ya ghala na hawarudi mpaka gari hilo limekwenda.

Tumeona ni wajibu wa chama kulieleza jambo hili kwa lugha iliyo wazi, maana usilolijua ni kama usiku wa giza. Mfanyakazi asiyejua anaulizwa nini na kwa sababu gani hujibu kama alivyofundishwa na nyapara. Na jibu la nyapara si jibu la mfanyakazi.

UCHUNGUZI HUU NI KITU GANI?

Sisi wa Ankole tunajua biashara ya ng'ombe. Mtu mwenye akili akienda sokoni kununua ng'ombe hamtazami ng'ombe peke yake. Humtazama pia muuzaji. Humwuliza: wewe ni nani, umetoka kijiji gani, ng'ombe huyu umempata wapi, na barua ya mwenyekiti wa LC iko wapi? Anauliza hivyo kwa sababu ng'ombe akiwa wa wizi, polisi watamkamata yeye watakayemkuta na kamba mkononi.

Uchunguzi wa wauzaji katika biashara ya nchi za nje ni jambo hilo hilo. Kampuni ya Ulaya au Marekani, kabla ya kununua mali, humchunguza anayeiuza, na yule aliyemwuzia huyo, mpaka kufika shambani au mgodini. Inataka kujua kama mali hiyo ina mkono wa uhalifu ndani yake: ukataji wa misitu, kazi ya watoto, kazi ya kulazimishwa, vita, rushwa au magendo. Wachunguzi hao wengi si watu wa serikali. Wametumwa na mnunuzi, au wamekodiwa na mwajiri ili awaonyeshe wanunuzi kuwa nyumba yake ni safi.

KWA NINI MAMBO HAYA YAMEZIDI?

Wazee wetu wanakumbuka magendo. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na katika miaka ya 1976 na 1977 kahawa ya Uganda ilivuka mpaka usiku kuingia Kenya. Soko la Chepkube likawa na sifa nchi nzima. Wakati ule mnunuzi wa ng'ambo hakuuliza gunia limetoka wapi. Aliuliza uzito na ladha, akalipa, basi.

Leo sheria za nchi zinazonunua zimebadilika. Tutaje chache.

Marekani ina sheria ya tangu mwaka 1930 inayokataza kuingiza mali iliyotengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa. Kwa miaka mingi ilikuwa na mlango wa nyuma: kama mali hiyo haikupatikana ya kutosha ndani ya Marekani, iliruhusiwa kuingia. Mlango huo ulifungwa mwaka 2016. Mwaka 2019 forodha ya Marekani ilizuia dhahabu ya wachimbaji wadogo wa mashariki ya Kongo, na Novemba mwaka huo huo ikazuia tumbaku ya Malawi. Tumbaku ndiyo zao kubwa la Malawi la kuuza nje. Baadaye kampuni zilizoweza kuthibitisha kuwa tumbaku yao haina kazi ya kulazimishwa zilianza kufunguliwa moja moja. Aliyekuwa na maandishi yake alitangulia kupita, na asiyekuwa nayo alibaki nje.

Kwa madini, sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliyataka makampuni yaeleze kama bati, dhahabu na madini mengine mawili waliyonunua yametoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Uganda imo. Bati la Kikagati katika wilaya yetu ya Isingiro limo. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilikiweka katika orodha ya vikwazo kiwanda cha kusafisha dhahabu cha African Gold Refinery, Entebbe, ikikituhumu kuhusika na dhahabu ya Kongo. Kampuni ikiingia katika orodha kama hiyo, mabenki huogopa kuigusa, na mishahara hupita benki.

Kwa kahawa, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023. Inasema kahawa, kakao, mbao, ng'ombe, mpira, soya na mafuta ya mawese havitaingia Ulaya kama vimetoka katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila shamba lionyeshwe mahali lilipo kwa vipimo vya ramani. Shamba linalozidi hekta 4 lichorwe mipaka yake yote. Sheria hii ilikuwa ianze mwishoni mwa 2024, ikaahirishwa mara mbili. Tarehe iliyowekwa sasa ni 30 Desemba 2026 kwa makampuni makubwa na ya kati, na 30 Juni 2027 kwa yale madogo. Ndiyo sababu mnawaona watu wenye simu za kupimia.

Lakini wengi hawajui kuwa sheria hiyo haisemi miti tu. Inasema pia kuwa mali lazima iwe imezalishwa kwa kufuata sheria za nchi inakotoka, pamoja na sheria za ardhi na za kazi. Maana yake ni kwamba sheria za kazi za Uganda, ambazo waajiri wengine wamezilalia kama mkeka, sasa zinasomwa pia na mnunuzi wa kahawa wa Ulaya. Na tarehe 14 Desemba 2027 itaanza kutumika sheria nyingine ya Ulaya, inayopiga marufuku mali yoyote iliyotokana na kazi ya kulazimishwa.

MNYORORO WA KAHAWA

Tuitazame safari ya gunia. Mkulima wa Isingiro huvuna, huanika, akapata kiboko. Mchuuzi huja na mizani na pikipiki, akanunua kiboko cha watu ishirini na kukichanganya. Humwuzia tajiri mwenye ghala. Tajiri hupeleka kiwandani Mbarara kukobolewa. Kutoka hapo huenda Kampala kwa msafirishaji, ambaye huipanga kwa daraja, na mwisho huenda bandari ya Mombasa na kupanda meli.

Mnyororo hukatikia pale kiungo kilipo dhaifu, na hapa kwetu mahali dhaifu ni pawili. Pa kwanza ni kwa mchuuzi, kwa sababu akishachanganya kiboko cha watu ishirini bila kuandika, hakuna anayeweza kusema debe hili ni la nani. Pa pili ni kwa vibarua: wapagazi, wachambuaji, wachumaji, watu wa leja leja. Kahawa imeandikwa, lakini mikono iliyoishughulikia haikuandikwa mahali popote. Mkaguzi akiona tani zimepita ghalani na daftari lina majina ya watu wanane tu, lazima ajiulize nani aliyebeba.

MASWALI YAO NA SHERIA YETU

Yafuatayo ndiyo maswali ya kawaida kuhusu kazi, na jambo ambalo kila mmoja wetu anapaswa kulijua.

1. Je, mna mikataba? Sheria ya Kazi ya 2006 inasema mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, si zaidi ya majuma 12 tangu aanze kazi. Kanuni za 2011 zinasema mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi minne mfululizo. Baada ya hapo anastahili mkataba. Wako wapagazi wenye miaka sita ghalani ambao bado wanaitwa vibarua. Hilo ni kosa la mwajiri.

2. Mnafanya kazi saa ngapi? Saa za kawaida ni 48 kwa juma. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na siku ya sikukuu ya taifa mara mbili.

3. Mnalipwaje? Fedha taslimu ya nchi, si sabuni wala unga, na upewe karatasi inayoonyesha umelipwa nini na umekatwa nini. Hapa tuwe macho. Mwajiri akimwambia mkaguzi kuwa analipa zaidi ya kima cha chini cha sheria, hasemi uongo, lakini hasemi kitu. Kima cha chini cha Uganda kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo mkaguzi aulize bei ya unga na kodi ya chumba, ndipo atajua mshahara unatosha au hautoshi.

4. Je, mnalipiwa NSSF? Mfanyakazi hukatwa asilimia 5, mwajiri huongeza 10. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022 kila mwajiri anawajibika, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kukatwa si kulipiwa. Nenda ofisini kwao Mbarara ukaone hesabu yako.

5. Je, wako watoto kazini? Tangu 2016 umri wa kuajiriwa ni miaka 16. Mtoto kumsaidia mama yake kidogo baada ya shule ni jambo moja. Mtoto kukaa shambani siku ya masomo akitakiwa kujaza debe ni jambo jingine. Na tuseme ukweli wote: mama huja na watoto kwa sababu debe analipwa kidogo hata mikono yake miwili haitoshi kuwalisha. Anayetaka kuwaondoa watoto shambani apandishe kwanza bei ya debe.

6. Mtu akiumia? Sheria ya fidia ya mwaka 2000 inambana mwajiri alipe. Ajali iandikwe siku ile ile, na habari imfikie Afisa wa Kazi wa Wilaya.

7. Je, mna uhuru wa kujiunga na chama? Uganda ilitia sahihi mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1963, na namba 87 mwaka 2005. Chama si hisani ya tajiri.

NDUGU ZETU WA NAKIVALE

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo yana watu zaidi ya laki moja, na wengi wao wametoka Kongo. Wengi huondoka Juru, Rubondo na Base Camp kutafuta vibarua katika mashamba ya Isingiro na maghala ya Mbarara. Wamo pia wasomaji wa ukurasa huu.

Hatari kubwa ya uchunguzi huu inawaangukia wao, na inakuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mwajiri kuogopa maswali na kuwafukuza wakimbizi wote jioni moja, akisema, "Nyinyi mtaniletea matatizo." Njia ya pili ni kuwahamishia kwa wakala wa vibarua. Asubuhi wanakuja wale wale, wanabeba magunia yale yale, lakini sasa si watu wa kiwanda, ni watu wa wakala. Daftari la kiwanda linakuwa jeupe, na mkaguzi anaandika kuwa yote ni mazuri. Wakala naye hukata chake kwanza.

Njia zote mbili hazina haki. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kutafuta kazi na kuajiriwa kwa mshahara. Kwa hiyo mkimbizi mwenye kitambulisho chake akibeba gunia la kahawa havunji sheria yoyote. Anayevunja sheria ni yule anayemficha ili asimlipe sawasawa. Mchafu si mfanyakazi, ni mpango wenyewe. Tunawaambia wakaguzi waziwazi: msihesabu wakimbizi kama doa. Ulizeni kama wanalipwa sawa na wenyeji kwa kazi ile ile.

Kuna onyo jingine kwa walio ndani ya makazi. Ardhi anayopewa mkimbizi ni ya kutumia, si ya kuuza wala kukodisha. Mchuuzi akija kutaka jina lako na sahihi yako ili uandikwe mwenye kahawa ambayo hukuilima, kataa. Hayo ni magendo yaliyovaa koti jipya. Yakigundulika, yeye atapanda pikipiki yake aende, na jina litakalobaki kwenye karatasi ni lako.

CHETI SI NGAO

Wako wanaosema, "Mkaguzi ameshakuja, tumepata cheti, basi." Sikilizeni yaliyotokea kwingine. Karachi, Pakistan, Septemba 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliwaka moto na wafanyakazi zaidi ya 250 wakafa, wengi wakikosa njia ya kutoka. Kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha kazi nzuri majuma machache tu kabla ya moto. Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, lilianguka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Wafanyakazi waliziona, wakaogopa kuingia, wakatishiwa mshahara, wakaingia. Ndani yake vilikuwamo viwanda ambavyo tayari vilikuwa vimekaguliwa.

Ukaguzi wa namna hiyo unashindwa kwa sababu hutangazwa mapema, njia zikafagiliwa na watoto wakarudishwa nyumbani. Wafanyakazi huulizwa mbele ya meneja. Mkalimani ni mtu wa ofisini, kwa hiyo kibarua wa Kikongo anasema kwa Kiswahili na mgeni anaambiwa jambo jingine kwa Kiingereza. Tena mara nyingi anayelipwa kukagua hulipwa na yule anayekaguliwa.

Baada ya Rana Plaza, Mei 2013, vyama vya wafanyakazi na makampuni yanayonunua nguo walitia sahihi mapatano yenye nguvu ya kisheria. Viwanda zaidi ya 1,500 vikakaguliwa na wahandisi, ripoti zikatangazwa, na wafanyakazi wakapewa haki ya kukataa kuingia mahali pa hatari. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii wafanyakazi walikaa mezani. Jicho la mgeni huona siku moja, la mfanyakazi huona mwaka mzima.

JE, TUKISEMA KWELI MNUNUZI HATAKIMBIA?

Hili ndilo swali zito, nasi hatutalikwepa. Mtu mwenye watoto wanne anajiuliza: nikisema hatuna mikataba, kahawa isinunuliwe, kiwanda kifungwe, nitakula nini? Woga huo una msingi. Wanunuzi wengine kweli hukimbia, na wanaobaki na njaa si matajiri.

Lakini fikirini upande wa pili. Uongo wetu hauwezi kudumu. Mkaguzi mwingine atakuja, au mwandishi wa habari atakuja, na jambo lililofichwa miaka mitano likitoka kwa siku moja mnunuzi hana nafasi ya kurekebisha, hukata tu. Likitolewa mapema na wafanyakazi wenyewe kwa njia ya chama, pamoja na madai ya kurekebisha, kiwanda kina muda wa kujisafisha. Umoja wa Mataifa mwaka 2011 uliweka misingi inayosema mnunuzi atumie kwanza uwezo wake kumbana muuzaji arekebishe, na akifikiria kuondoka apime madhara yatakayowapata watu. Sisi tuushike msingi huo. Neno letu kwa mnunuzi liwe hili: usitukimbie, kaa umbane tajiri, na ulipe bei inayowezesha mishahara. Anayetaka kahawa safi kwa bei ya kahawa chafu naye achunguzwe.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila idara ichague watu wawili, mmoja wao mwanamke, watakaozungumza na wakaguzi. Mahali penye wakimbizi, mmoja awe anayezungumza lugha yao.

Pili, wekeni daftari lenu wenyewe: tarehe, saa za kazi, malipo, ajali, majina ya mawakala. Daftari la shilingi chache limewahi kushinda kesi ambayo midomo kumi ilishindwa.

Tatu, mkaguzi akija, ulizeni kwa adabu: umetumwa na nani, ripoti itakwenda kwa nani, nasi tutapata nakala? Ombeni kuzungumza naye bila meneja, na kwa lugha mnayoielewa.

Nne, semeni mnachokijua tu. Msiongeze chumvi kwa hasira, msipunguze kwa woga. Neno moja la uongo huharibu kumi ya kweli.

Tano, msiende mmoja mmoja. Mtu mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Watu arobaini wakilalamika huitwa kwenye meza. Mtu akifukuzwa kwa kusema na mkaguzi, habari ifike chamani na kwa Afisa wa Kazi mara moja, na pia kwa mnunuzi. Sheria ya Ujerumani iliyoanza Januari 2023 iliyataka makampuni makubwa yawe na njia ya kupokea malalamiko hata ya wafanyakazi wa wauzaji wao wa mbali. Chama kitasaidia kuandika barua.

Sita, nasi tuchunguze. Wakala wa vibarua akija, tuulize: ameandikishwa, analipa NSSF, aliwahi kuwadhulumu wenzetu wapi? Kama kampuni zinachunguza gunia kabla ya kulinunua, mfanyakazi naye ana haki ya kumchunguza anayenunua jasho lake.

Ndugu wafanyakazi, sheria hizi hazikutungwa na sisi, wala hazikutungwa kwa ajili yetu peke yetu. Zinaweza kuwa kamba ya kutufunga au kamba ya kutuvuta kutoka shimoni, kutegemea nani ameishika. Tusiiache mikononi mwa nyapara. Mchungaji gari lake likifika, asiwepo wa kupita nyuma ya ghala: mwenyeji na mkimbizi wasimame pamoja, daftari mkononi, waulize nao maswali yao.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.